Gatumba nako kuna njia za kutembea

Mimi ni mkazi wa Gatumba, nchini Burundi, na ningependa wasomaji wajue kwamba huku hakuna mafuriko peke yake. Ni kweli, tangu 2020 maji ya Ziwa Tanganyika na mto Rusizi yamewahamisha wengi wetu. Lakini jirani yetu ni Hifadhi ya Taifa ya Rusizi, ambayo delta yake imo katika orodha ya Ramsar ya ardhi oevu muhimu duniani tangu 2002, na kutembea huko kuna raha yake.

Wakati mzuri ni asubuhi, Septemba na Oktoba, mvua zinapoanza. Vumbi limetulia, matete yanachipua, na mbayuwayu wanaanza kufika kutoka Ulaya wakikimbia baridi. Aina hiyo hiyo watembezi wa Uingereza huiona ikijikusanya kwenye nyaya kabla ya safari. Sisi tunaipokea ikiwinda wadudu juu ya maji.

Ila msiende kiholela. Viboko hutoka majini usiku kula majani, na alfajiri wengine bado wako nchi kavu. Ukisimama kati ya kiboko na maji, umejitafutia balaa. Subirini jua litoke vizuri, mchukue mwongozaji wa hifadhi, mtembee kwa kundi.

Vijana wa Bujumbura mnaokimbia mjini kila Jumamosi, Gatumba ni kama kilomita 15 tu. Njooni mtembee, na chupa zenu za plastiki mrudi nazo.