Mgonjwa wa ngozi hataki kugombezwa

Ugonjwa wa ngozi una ubaya wake, msomaji. Mwenye presha huketi na wenzake ndani ya matatu na hakuna ajuaye. Mwenye mabaka usoni hujulikana hata na makanga, naye huipokea nauli yake kwa ncha za vidole.

Majuzi nilimrudisha mwanangu wa miaka minne kwa daktari wa ngozi hapa Nairobi. Kwenye benchi niliketi karibu na mama mmoja aliyejitanda leso hadi puani. Tulianza na habari za foleni, tukafika kwenye habari zake. Yeye ni msusi katika saluni moja ya Eastlands, au tuseme alikuwa, kwani mwenye saluni amemwambia akae nyumbani kwanza mpaka uso upone. Wateja wanaogopa. Ana watoto wawili shuleni na karo haingoji uso upone.

Taabu ilianza kwa baka dogo la duara shavuni. Kwenye kemisti aliuziwa krimu bila kuulizwa lolote. Akapaka, mwasho ukatulia, akashukuru. Alipoacha, baka lilirudi likiwa pana zaidi, basi akapaka tena. Alikwenda hivyo miezi mitano, hata baka likapoteza ule umbo wake wa duara na uso mzima ukawa mwekundu kwa weusi, wenye vipele na ngozi nyembamba.

Ndipo alipokwenda kwa daktari wa kwanza. Hata hajakaa vizuri kitini, daktari alimtazama kutoka ng'ambo ya meza akasema, "Ninyi wanawake mkishajichubua ndipo mnatukumbuka!"

Mama huyu hajawahi kujichubua. Tuseme kweli, daktari naye hakulitoa neno hilo hewani. Sabuni na krimu zenye zebaki au hidrokwinoni zilipigwa marufuku nchini mwaka 1998, na hadi leo wapo wanaoziuza chini ya meza na wapo wanaoharibika nyuso. Lakini neno lile lilimfunga mama mdomo. Ile krimu ilikuwa ndani ya mkoba wake na hakuitoa. Alipewa karatasi ya dawa, akaikunja, akarudi kwenye krimu yake ya zamani kwa sababu angalau hiyo haikumtukana.

Daktari wa pili, tuliyekuwa tukimngoja siku hiyo, alivuta kiti akaketi upande wa mgonjwa. Akamwomba afungue leso, akamshika shavu kwa vidole vyake. "Mama, nitajie kila ulichopaka tangu mwanzo. Hata kama ni majani ya nyumbani. Sitakugombeza."

"Alipanishika nilitaka kulia," mama aliniambia. "Nyumbani hata kikombe changu kimetengwa."

Krimu ikatoka mkobani, na ugonjwa ukajulikana. Baka lile lilikuwa choa, yaani kuvu. Krimu ilikuwa ya steroidi, dawa nzuri kwa ukurutu ikitumiwa kwa kipimo, lakini kwa choa ni mwiko. Hutuliza mwasho na wekundu huku ikipunguza nguvu za ngozi kujikinga, kuvu nayo ikastarehe na kuenea. Daktari alikwarua ngozi kidogo ikapimwe kwa darubini, akampa vidonge vya kuua kuvu.

Kisha akamwambia jambo ambalo wengi huachwa walijue peke yao. Ukiacha krimu kama hiyo baada ya miezi mingi, uso unaweza kuwaka na kuvimba kwa wiki kadhaa kabla haujaanza kutulia. "Utaona kama nimekuharibu," alimwambia. "Usiirudie. Njoo kwangu." Na kweli uso uliwaka. Asingeonywa, mama huyu angekimbilia kemisti siku ya tatu.

Haya nayajua kwangu mwenyewe. Mwanangu alipoanza kujikuna usiku, mahali fulani tulipewa chupa moja ya dawa ya upele na kuambiwa, "Mpakeni. Mwingine!" Tulimpaka mtoto peke yake. Baada ya mwezi alikuwa anajikuna, mke wangu anajikuna, nami ofisini nikijifanya natafuta kalamu mfukoni. Mtu mzima mwenye tai akiwa na upele huona aibu, ndiyo maana sikurudi upesi.

Daktari huyu aliniuliza tunalala wangapi kitandani. Hakucheka. Alieleza kwamba wote nyumbani, anayejikuna na asiyejikuna, hutibiwa siku moja, nguo na shuka zikafuliwa kwa maji ya moto, na dawa ikarudiwa baada ya wiki moja. Akaongeza kwamba mwasho unaweza kubaki wiki mbili hadi nne baada ya wadudu kufa. Tungejua hilo mapema, tusingempaka mtoto kila usiku hadi ngozi ikababuka.

Natambua madaktari wa ngozi ni wachache, wengi wako katika miji mikubwa, na foleni haina huruma. Lakini kumuuliza mgonjwa amepaka nini hakuchukui hata dakika mbili. Nasi tuwasaidie: bebeni kila krimu na sabuni mliyotumia ndani ya mfuko wa karatasi, na msijipodoe siku hiyo. Wanafunzi wenye chunusi, ulizeni dawa huchukua muda gani, kwa maana nyingi huhitaji wiki sita hadi nane na ninyi huzitupa baada ya kumi siku. Usipoelewa, uliza tena kabla ya kushika kitasa cha mlango.

Jina la mama liliitwa kabla ya letu. Alikaa ndani kitambo. Alipotoka leso ilikuwa bado puani, na mkononi alikuwa na karatasi ya kurudi baada ya wiki tatu. Nilimuuliza kuhusu saluni. Akasema daktari amempa barua ampelekee mwenye saluni, yenye kueleza hali yake na siku anayotarajiwa kurudi kazini, na kwamba ataipeleka Jumatatu.