UKUMBI WA UFUNDI: Kompyuta Isiyouona Mtandao



Katika baadhi ya nyumba, watoto hufuatilia darasa la Kurani kwa kompyuta ndogo ya Raspberry Pi 3, iliyotoka mwaka 2016. Huenda ikawaka vizuri, lakini mtandao usipatikane, na darasa likapotea. Msikimbilie kununua nyingine.

Katika kompyuta hiyo, tundu la waya wa mtandao hupitia njia ya USB. Umeme ukipungua, sehemu hiyo huweza kushindwa kuamka.

Kwanza, tazameni taa nyekundu. Ikizimika au ikipepesa, umeme umeshuka chini ya volti 4.63. Chaja nyingi za simu hazitoshi. Tumieni ya volti 5.1 na ampea 2.5.

Pili, zimeni, chomoeni diski na vifaa vingine vya USB, kisha washeni upya.

Tatu, andikeni amri "ip link". Jina eth0 likitokea, kifaa kimeamka. Kasoro itafuteni katika waya au ruta. Lisipotokea hata kwa chaja ifaayo, jaribuni kadi nyingine yenye programu mpya. Hapo tu ndipo mumwite fundi.

Mali ni amana. Tusiitupe kabla ya kuichunguza. Wabillahi tawfiq.