Kisima cha nyumbani kiwe na daftari

Katika miji ya mpakani, nyumba ya mfanyabiashara aliyepiga hatua huonekana kwa tangi lililoinuliwa juu ya nguzo, na siku hizi kwa kisima kirefu kilichochimbwa uani. Bomba la mji hutoa maji kwa zamu. Dumu la lita 20 hupanda bei kila kiangazi. Mwenye duka, mama lishe na mwenye ghala la nafaka wamechoka kusubiri, na hakuna wa kuwalaumu kwa kuamua kuchimba.

Tatizo liko katika namna ya kuchimba. Visima vingi vya nyumbani huchimbwa kimyakimya, bila kupima na bila kuandika. Wenye nyumba wanapoteza fedha, na majirani wa pande zote mbili za mpaka wanabaki na madhara. Nchi nane za Jumuiya ya Afrika Mashariki zina wajibu wa kurekebisha hali hiyo, na wafanyabiashara wenyewe wana sehemu yao.

Mtu asiyekubali kununua gunia la mahindi kabla ya kulifungua na kutia mkono ndani, hununua shimo asiloliona. Mchimbaji kwa kawaida hulipwa kwa mita. Mita zilizokubaliwa zikiisha bila maji, mwenye nyumba huambiwa aongeze nyingine, kisha nyingine tena. Mtambo ukiondoka, fedha zimeondoka nao. Kwa mfanyabiashara ambaye akiba ya ujenzi na mtaji wa mzigo hutoka mfuko mmoja, shimo kavu ni shehena ya msimu mzima iliyopotea kabla ya kupakiwa.

Njia ya kupunguza hasara hiyo inajulikana. Mtaalamu wa maji ya chini ya ardhi hupitisha umeme kidogo ardhini na kusoma jinsi udongo na miamba inavyoupokea. Hawezi kuahidi maji, ila hupunguza kubahatisha. Msaada mkubwa zaidi kwake ni habari za visima vilivyokwisha kuchimbwa jirani: maji yalipatikana kina gani, katika mwamba wa aina gani, na yalitoka lita ngapi kwa saa. Pale Busia na Malaba, maji mengi ya chini hukaa katika tabaka la mwamba mgumu wa kale uliolika na katika nyufa zake. Shimo moja laweza kuwa na maji na jingine, hatua chache tu kutoka hapo, likawa kavu. Mahali kama hapo, kumbukumbu za jirani ni mali.

Wahenga walisema mali bila daftari hupotea bila habari. Kwa visima, daftari lipo, ila limekatwa vipande kwa mstari wa mpaka. Tanzania ina bodi za maji za mabonde chini ya sheria ya rasilimali za maji ya mwaka 2009. Kenya ina Mamlaka ya Rasilimali za Maji chini ya sheria ya mwaka 2016. Uganda ina kurugenzi yake ndani ya Wizara ya Maji na Mazingira. Kila moja ina fomu zake, vibali vyake na makabati yake.

Maji yenyewe hayafuati utaratibu huo. Ushahidi ulio wazi ni Ziwa Chala, chini ya Kilimanjaro. Mpaka wa Kenya na Tanzania unapita katikati ya ziwa hilo. Hakuna mto wa kudumu unaoingia humo. Sehemu kubwa ya maji yake hutoka chini ya ardhi, kutokana na mvua inayonyesha kwenye miteremko ya mlima. Taveta na Holili wanakaa jirani na ziwa hilo, kila mji upande wake, juu ya miamba ya volkeno ya mlima ule ule. Hata hivyo, anayetaka kuchimba Holili huulizia habari Bodi ya Maji ya Bonde la Pangani, yenye makao yake Moshi, na wa Taveta huulizia kwa mamlaka ya Kenya. Kisima kilichofeli upande mmoja hakimfundishi lolote mtu wa upande wa pili, na hasara ile ile hulipwa mara mbili.

Mchimbaji naye amefungwa na mstari huo. Mahindi, maharage na mitumba vina utaratibu wao mpakani. Mfanyabiashara mdogo mwenye bidhaa zilizoorodheshwa, zisizozidi thamani ya dola 2,000, hupata cheti chepesi cha asili ya bidhaa na kuvuka. Lakini leseni ya kuchimba visima hutolewa na kila nchi kwa ajili ya ardhi yake. Mtambo unaweza kuwa umeegeshwa kilomita chache tu kutoka kwenye kiwanja, ila upo ng'ambo, hivyo mwenye nyumba hulazimika kuita mwingine kutoka mji wa mbali na kulipia safari yake.

Itifaki ya Soko la Pamoja, iliyoanza kutumika Julai 2010, haikuzungumzia bidhaa peke yake. Inagusa huduma pia, na inazitaka nchi zitambuane sifa za kitaaluma. Wahasibu, wasanifu majengo na wahandisi wamekwisha kuwekeana makubaliano ya aina hiyo. Wachimbaji wa visima hawastahili kuachwa nyuma, kwani wanahitajika kila mji.

Wapo watakaosema kwamba kufungua mpaka kwa mitambo ni kuwanyang'anya kazi wachimbaji wa ndani na kukausha ardhi haraka zaidi. Hofu ya kwanza ina uzito, ila inajibika: leseni itambuliwe kwa pande zote, ili wa ndani naye avuke. Hofu ya pili ni ya kweli kabisa, na ndiyo sababu ya kudai daftari. Pampu yenye nguvu ikiwekwa kwenye kisima kirefu inaweza kushusha maji ya kisima kifupi cha jirani anayetumia kamba na ndoo. Asiyejua kuna visima vingapi mtaani hawezi kusema vimezidi. Mchimbaji wa ng'ambo apewe ruhusa kwa sharti moja lisilo na mjadala: asipowasilisha kumbukumbu za kisima katika ofisi za nchi zote mbili, leseni yake isimame.

Kuna jambo jingine zito kuliko fedha, nalo ni afya ya watoto. Katika ukanda wa volkeno unaoanzia Arusha na Meru na kuingia Kajiado, maji mengi ya chini yana madini ya floraidi. Shirika la Afya Duniani linaweka kikomo cha miligramu 1.5 kwa lita. Yakizidi sana, meno ya watoto huota yakiwa na madoa ya kahawia, na kwa miaka mingi mifupa nayo huweza kupinda. Maji hayo huonekana safi kabisa. Kuyachemsha hakusaidii, kwa sababu floraidi haitoki na mvuke. Mwenye nyumba aliyetumia akiba yake yote kuchimba, kisha akaruka gharama ya kupeleka chupa moja maabara, amefanya biashara mbaya kuliko zote alizowahi kufanya.

Ni kweli kwamba watu hukwepa vibali kwa sababu ya ada, safari za ofisini na kusubiri. Serikali zikitaka kisima cha nyumbani kiandikwe, ziweke njia nyepesi kwa ajili yake. Kama cheti chepesi kiliwezekana kwa magunia, kinawezekana kwa kisima. Vituo vya pamoja vya mpakani tayari vimewakutanisha maofisa wa forodha na uhamiaji wa nchi mbili chini ya paa moja. Dawati moja la maji, hata kwa siku moja ya wiki, lingetosha kuanza.

Wakati hayo yakisubiriwa, wafanyabiashara wasikae. Kabla ya kulipa malipo ya kwanza, mkataba uwe kwenye karatasi. Utaje leseni ya mchimbaji, ripoti ya upimaji, bei ya kila mita, na nani atabeba hasara maji yasipopatikana. Utaje pia aina ya mabomba yatakayozuia kuta zisiporomoke, na saruji ya juu itakayozuia maji machafu kuingia. Kisima kikae mbali na choo, walau mita 30, na upande wa juu wa mteremko. Malipo ya mwisho yatolewe baada ya maji kupampiwa kwa saa nyingi kupima wingi wake, na baada ya majibu ya maabara kutoka.

Na si lazima kila ua uwe na shimo lake. Familia ya watu wanane, kila mmoja akitumia lita 50, huhitaji lita 400 kwa siku. Kisima kinachotoa lita 1,000 kwa saa huzijaza chini ya nusu saa. Nyumba kumi za aina hiyo hukitumia kwa saa nne tu. Wafanyabiashara wanaochangiana kukodi lori na kununua mzigo kwa pamoja wanaweza kuchangia kisima kimoja kilichopimwa vizuri badala ya kutoboa ardhi mara kumi. Vyama vyao vya mpakani vina sauti inayosikika Arusha linapokuja suala la ushuru na vizuizi barabarani. Sauti hiyo hiyo idai leseni inayovuka na daftari linalosomeka pande zote mbili.