Mtoto ameamka, sasa apewe chakula



Katika sura ya tano ya Injili ya Marko tunasoma habari za binti wa Jairo, mkuu wa sinagogi. Tumeihubiri mara nyingi: baba aliyeanguka miguuni pa Yesu, umati unaosonga njiani, waombolezaji waliomcheka Bwana, na mwisho mkono wake unaomwinua kutoka kitandani mtoto wa miaka 12. Mahubiri mengi, yangu yakiwamo, huishia hapo. Lakini Marko ana sentensi moja zaidi. Wakati wote waliokuwamo chumbani wameshikwa na mshangao, Yesu anawaagiza jambo la jikoni: mtoto apatiwe chakula.

Aliyemfufua angeweza pia kumshibisha palepale. Hakufanya hivyo. Kazi hiyo aliwaachia watu wa nyumba ile. Nadhani alijua kwamba katika furaha ya muujiza wangeweza kusahau kuwa binti ana njaa.

Sentensi hiyo ilinirudia Ijumaa moja nilipokwenda kufundisha kipindi cha dini katika shule ya msingi iliyo pembezoni mwa Temeke. Ilikuwa yapata saa tano. Msichana wa darasa la tano alikuwa amelaza kichwa juu ya dawati. Kwanza nilidhani amechoshwa na somo langu, maana hilo hutokea hata kanisani. Nikamwuliza kama anaumwa.

“Hapana, Baba.”

“Umekunywa chai?”

Akatikisa kichwa. “Mama aliondoka saa kumi na moja.”

“Na utakula saa ngapi?”

“Nikirudi, Baba.”

Wanatoka saa tisa. Siku hiyo nilikuwa nimeandaa somo la Amri ya Nne, la kuwaheshimu baba na mama. Nililimaliza, lakini moyo haukuwa pale.

Usimhukumu mama yule. Mkazi wa Chamazi, Toangoma, Bunju au Mabwepande anajua maana ya kuwahi daladala ili kukipambazuka awe Kariakoo au Posta. Wengi wanaowauzia wenzao chapati na supu asubuhi wameacha watoto wao nyumbani hawajatia kitu tumboni. Huo si uvivu, ni maisha ya mji wetu. Lakini mtoto hakui kwa sababu tulizo nazo. Anakua kwa chakula.

Wahenga walisema njaa mwana malegeza. Mwalimu yeyote wa darasa la kwanza atakuthibitishia. Mtoto mwenye njaa haoni ubao vizuri, hasikii swali, anasinzia au anapigana. Tunamwita mzito, mtundu, mvivu. Mtoto asiyepata madini ya chuma ya kutosha hupungukiwa damu, akachoka kabla ya kazi kuanza. Msichana aliyevunja ungo anayahitaji zaidi, na ndiyo miaka ambayo mwili unarefuka kwa kasi.

Utafiti wa kitaifa wa afya wa mwaka 2015/16 ulionyesha kuwa asilimia 34 ya watoto wa Tanzania walio chini ya miaka mitano walikuwa na udumavu. Mwaka 2022 kiwango kilikuwa kimeshuka hadi asilimia 30. Tumshukuru Mungu na tuwashukuru wahudumu wa afya. Lakini wale waliopimwa 2015 hawakutoweka. Leo wako darasani, wamekaa pamoja na mwanao. Kilichopotea katika siku za mwanzo za uhai hakirudi chote, lakini chakula cha miaka ya shule bado kinajenga damu, mifupa na akili.

Tangu Januari 2016 ada zilifutwa katika shule za umma za elimumsingi. Watoto wengi ambao wangebaki nyumbani wakaingia darasani. Ndugu zangu, huo ulikuwa kama ule mkono uliomwinua binti wa Jairo. Ila sisi tumebaki kwenye mshangao. Tulisikia neno “bure” tukadhani limefunika kila kitu, kumbe chakula cha mwanafunzi wa kutwa kilibaki kuwa jukumu la mzazi. Mwenyekiti wa kamati ya shule akiitisha kikao cha uji, wanakuja wachache, na miongoni mwao yupo anayesimama na kusema: “Serikali ilisema elimu bure.” Kikao kinavunjika. Mtoto anaendelea kulaza kichwa.

Tuangalie fedha tunazotoa tayari. Wazazi wengi humpa mtoto shilingi 500 ya kwenda nayo shuleni. Kwa siku tano ni 2,500, kwa majuma manne ni 10,000. Inanunua nini pale getini? Barafu ya rangi, ubuyu, bisi, chipsi, juisi ambayo haijawahi kuona tunda. Wazazi 100 wakiziweka pamoja fedha hizo, ni shilingi milioni moja kwa mwezi. Mwulize mpishi yeyote wa shughuli mtaani kwako milioni moja inapika uji wa watoto 100 kwa siku ngapi, na kama haibaki ya maharage. Haba na haba hujaza kibaba, na kibaba tangu zamani ni kipimo cha nafaka.

Wala chakula bora si chakula cha gharama. Kuna nyumba, hasa huko Kinondoni kwenye mageti, ambako mtoto anashiba kila siku lakini kwa soda, soseji na chipsi, ananenepa na bado damu yake ni hafifu. Huo nao ni utapiamlo. Kwa upande mwingine, dagaa, maharage, mchicha, tembele na kisamvu viko katika kila genge. Kipande cha chungwa au embe pamoja na mboga husaidia mwili kuyachukua madini ya chuma, na chai ya rangi inayonywewa pamoja na chakula huyazuia. Kiazi kitamu kilichochemshwa usiku kinaweza kuwa kifungua kinywa cha mtoto ambaye mama ameondoka alfajiri. Nilipokuwa seminari ndogo tuliyacheka makande ya kila juma. Leo naona kuwa mahindi na maharage yale ndiyo yaliyotukuza.

Sasa niseme na wewe kama padri. Sheria ya Kanisa, kanuni ya 1252, haimfungi mtoto kwa mfungo. Kujinyima nyama huanza mtu anapotimiza miaka 14, na kufunga chakula huanza anapotimiza miaka 18. Kanisa halitaki mtoto anayekua akae na njaa hata Ijumaa Kuu. Ikiwa Mama Kanisa hamwombi mtoto afunge siku ile Bwana alipokufa, sisi tumepata wapi ruhusa ya kumfungisha Jumatatu hadi Ijumaa?

Kuna jambo jingine linaloniuma. Katika baadhi ya shule zenye uji, anakunywa yule tu ambaye mzazi wake amelipa. Wengine hukaa kando wakiangalia vikombe vya wenzao. Najua ugumu wa walimu. Unga haununuliwi kwa huruma, na wazazi wanaoweza wakiona asiyelipa anapewa, nao wataacha kulipa. Lakini mtoto hakuhudhuria kikao na wala hakukataa mchango. Kumkalisha kando ya sufuria ni kumwadhibu kwa umaskini au ukaidi wa mwingine. Mzazi mkaidi ashughulikiwe na serikali ya mtaa, mzazi maskini asaidiwe, na mtoto wa wote wawili apewe kikombe.

Nani amsaidie huyo maskini? Hapo nami nina la kukiri. Nimetangaza mchango wa ujenzi wa kanisa Jumapili nyingi kuliko ninavyoweza kuhesabu. Mchango wa uji wa shule iliyo jirani na parokia sikuwahi kuutangaza hata mara moja. Niliona ni shughuli ya serikali. Tumechangia harusi, tumechangia sherehe za Komunyo ya Kwanza, na mtoto tuliyemlisha pilau Jumapili akaenda shule Jumatatu bila chai.

Basi naomba mambo matatu. Kwanza, kikao cha shule kikiitishwa, nenda, hata kama mwanao anasoma kwingine. Nenda kama Mkristo wa mtaa ule. Pili, lipa mchango, kisha uliza kwa sauti fedha na unga vinatunzwaje. Mchango ukiwa wa wazi hudumu. Tatu, kila jumuiya ndogo ndogo, mnapokutana Jumamosi, waulizeni Mama wa WAWATA na katekista ni watoto wangapi wa eneo lenu ambao wazazi wao hawawezi kabisa. Mara nyingi hawazidi watatu au wanne. Jumuiya ya familia 20 haiwezi kushindwa na watoto wanne. Na msiulize dini yao. Yesu hakusema apewe chakula yule wa jumuiya yetu.

Binti wa darasa la tano bado yuko shuleni. Kesho Jumatatu saa mbili kengele italia na atakaa kwenye dawati lake. Mungu amekwisha kumpa uhai na akili. Agizo lililobaki linatuhusu sisi tuliomo chumbani.

Jumapili njema.