Nani Atashika Swichi ya Mpondwe?

Wapo wanaotuhubiria kwamba nishati jadidifu italeta amani baina ya mataifa. Hoja yao ni fupi na inapendeza: mafuta yana wenyewe, ilhali jua, upepo na maji havina mwenyewe, basi nchi zikiacha kugombea visima, zitaacha na kupigana. Nakuomba uipime hoja hiyo hapa Kasese na Bwera kabla ya kuikubali.

Tuwape kwanza haki yao. Kutegemea mafuta ya mbali ni udhaifu mkubwa. Petroli inayouzwa Bwera imesafirishwa zaidi ya kilomita 1,400 kutoka Mombasa. Mapema mwaka 2008, ghasia zilizofuata uchaguzi wa Kenya zilipofunga barabara na reli, mafuta yaliadimika Uganda, Rwanda, Burundi na mashariki mwa Congo, ingawa uchaguzi haukuwa wao. Maji ya Rwenzori hayapiti Mombasa. Mto Mubuku unaendesha mitambo kadhaa, ukiwemo ule wa Bugoye wenye megawati 13, uliozinduliwa 2009. Upande wa Congo, kwenye miteremko ya safu hiyohiyo ya milima, kituo cha Mutwanga kilianza kuzalisha umeme mwaka 2013. Mlima mmoja unazinywesha nchi mbili, na haujawahi kuuliza pasipoti.

Lakini wahubiri wetu wanasahau jambo moja. Bomba la mafuta lina koki, na waya wa umeme una swichi. Agosti 1998, waasi waliosaidiwa na majeshi ya Rwanda waliteka bwawa la Inga, wakakata umeme wa Kinshasa. Mji wa mamilioni ya watu ukabaki gizani. Maji ya Mto Congo yalikuwa safi siku ile kama yalivyo leo. Usafi wake haukumzuia mtu kuyageuza silaha. Kwa hiyo swali la kisiasa si kama umeme ni safi au ni mchafu. Swali ni nani anayeshika swichi, na ni nani anayeweza kumuuliza kwa nini ameizima.

Swali hilo ni letu, si la vitabuni. Bwawa la Karuma, lenye megawati 600, lilizinduliwa rasmi Septemba 2024, na uwezo wa Uganda wa kuzalisha umeme sasa umepita megawati 2,000, kiasi kinachozidi mahitaji yake. Nchi yenye ziada hutafuta mnunuzi. Kwa miaka mingi umekuwapo mpango wa kuvuta laini ya kilovolti 220 kutoka Nkenda, hapa Kasese, kupitia Mpondwe hadi Beni. Laini hiyo ni njema. Ninachokipinga ni lugha inayotumika kuisifu: eti Congo ni "soko".

Pima maneno mawili, mteja na mbia. Mteja huuliza bei, akalipa, akaondoka. Akishindwa kulipa, hukatiwa. Mbia huuliza hesabu, hukaa mezani, na hasara humgusa yeye pia. Uganda ikimfanya jirani mteja tu, itakuwa imejenga koki nyingine, safari hii isiyotoa moshi.

Na Wakongo wana sababu ya kuwa na shaka. Mwaka 2022 Mahakama ya Kimataifa ya Haki iliiamuru Uganda kuilipa Congo dola milioni 325 kwa madhara ya vita vya 1998 hadi 2003. Tangu Novemba 2021 wanajeshi wa Uganda wamo tena ndani ya Congo, safari hii kwa makubaliano na Kinshasa, wakiwasaka waasi wa ADF, ambao Juni 2023 waliua makumi ya watu, wengi wao wanafunzi, katika shule moja ya sekondari huko Mpondwe. Mpaka huu umejaa makaburi pande zote mbili. Nguzo zitakazosimikwa hapa zitahitaji kulindwa, na hakuna mlinzi bora kuliko mwanakijiji anayejua kwamba waya ule ni wake pia.

Ubia unawezekana. Kituo cha Ruzizi II, kilichoanza kazi 1989, ni mali ya pamoja ya Congo, Rwanda na Burundi. Utanijibu kwamba ubia huo haukuzuia vita. Ni kweli, haukuvizuia, nami siuuzi kama dawa ya kila ugonjwa. Lakini mali ya pamoja humfanya kila mwenye kuiharibu ajiharibie mwenyewe, na huwalazimisha mahasimu kubaki na jambo moja la kuzungumza. Mkataba wa kuuza na kununua hautoi hata hilo.

Basi tudai mambo matatu. Kwanza, laini ya Nkenda hadi Beni imilikiwe na kampuni ya nchi zote mbili, na swichi isizimwe kwa uamuzi wa upande mmoja. Pili, vijiji inakopita, Bwera na Kasindi kwa pamoja, viunganishwe kabla ya miji ya mbali. Ni fedheha waya kupita juu ya paa la mtu anayewasha kibatari. Tatu, mkataba utangazwe hadharani, kwa maana mali bila daftari huisha bila habari.

Dai hili la tatu linakuhusu wewe unayejifunza Kiswahili. Mkataba huo usiandikwe kwa Kiingereza cha Kampala na Kifaransa cha Kinshasa tu, lugha ambazo wachuuzi wengi wa soko la Mpondwe hawazisomi. Kiswahili ni mojawapo ya lugha za taifa za Congo; Uganda imekikubali kuwa lugha rasmi; na nchi zote mbili zimo katika Jumuiya ya Afrika Mashariki, Congo ikiwa imejiunga 2022. Mkataba ulioandikwa kwa Kiswahili unaweza kusomwa na kuhojiwa kwenye kingo zote mbili za mto Lhubiriha. Jifunze lugha hii hadi uweze kusoma kifungu cha sheria, kisha uliza: swichi iko mkononi mwa nani?