Risasi moja isikufanye uguse skrubu

TIMU zetu zina ugonjwa mmoja. Straika akikosa bao leo, mechi ijayo anakaa benchi. Akikosa tena, anazomewa hadi na watoto. Kocha akipoteza mbili mfululizo, virago. Msimu ukiisha tunakaa vijiweni kuulizana mbona hatuna washambuliaji wa kizawa wa kutosha.

Dawa yake wanaijua watu wa mchezo wa shabaha. Tuwasikilize kidogo.

Kuna kioo kidogo kinachofungwa juu ya bunduki, ndani yake kunaonekana nukta nyekundu. Unaiweka nukta juu ya shabaha, unafyatua. Kampuni ya Aimpoint ya Sweden ilianza kuuza kioo cha aina hiyo mwaka 1975, mwaka uleule Mseto ya Morogoro ilipobeba ubingwa wa ligi.

Watu wengi wanadhani ukishakifunga kazi imeisha. Thubutu! Kioo kipya hakipigi pale unapoangalia. Lazima kilinganishwe na mtutu, na kazi hiyo ina utaratibu wake.

Kwanza unakaza skrubu kwa kipimo alichotaja mtengenezaji. Zikilegea, kila mlio wa bunduki unakisogeza kioo, na hapo hata ulenge vipi unajisumbua. Pili unailaza bunduki juu ya mfuko wa mchanga, unaweka shabaha mita 50, unapiga risasi tatu. Tatu! Ya kwanza ikienda pembeni, hugusi kitu. Ya pili ikienda pembeni, hugusi kitu.

Baada ya hapo ndiyo unaenda kuangalia matundu. Yakiwa matatu yamekaa pamoja, lakini yako sentimita sita kulia, hiyo ni habari njema. Bunduki nzima, mpigaji mzima, kioo tu ndicho kimekosea. Kwenye vioo vingi vya aina hii, mbofyo mmoja wa kirekebishio unasogeza pigo kama sentimita moja na nusu kwa umbali huo. Basi unabofya mara nne kwenda kushoto, unapiga tatu nyingine.

Matundu yakitawanyika, moja juu, moja chini, lingine huko nje, kirekebishio hakina dawa. Rudi kwenye skrubu, kwenye pumzi ya mpigaji, kwenye kidole chake. Anayebofya baada ya kila risasi anafukuza kosa lake mwenyewe kutwa nzima, na boksi la risasi linaisha.

Sasa rudini kwenye mpira. Sisi ndio tunaobofya baada ya kila risasi.

Hapa Morogoro tuna kata inaitwa Mafiga, na kila mtu aliyekulia jikoni kwa mama anajua mafiga ni nini. Ni mawe matatu. Wahenga walishasema figa moja haliinjiki chungu. Mechi moja nayo haimpimi mchezaji.

Mtazameni Prince Dube. Alipotua Yanga mwaka 2024 akitokea Azam, mabao ya ligi yalimgomea. Kelele zikawa nyingi, wengine wakamwita garasa. Desemba 19 mwaka huo akaipiga Mashujaa mabao matatu, Yanga ikashinda 3-2. Alimaliza msimu na mabao 13 ya ligi. Wangemtupa Novemba, mabao hayo yangefungwa na nani?

Kwa kocha Yanga hiyohiyo haikuwa na subira. Novemba 2024 ilifungwa 1-0 na Azam, siku chache baadaye ikachapwa 3-1 na Tabora United. Miguel Gamondi akaonyeshwa mlango, wakati msimu uliotangulia alikuwa amewapa ubingwa wa ligi na Kombe la Shirikisho. Mwaka mmoja baadaye Gamondi huyohuyo alikabidhiwa Taifa Stars, na kwenye AFCON ya Morocco tukaingia 16 bora kwa mara ya kwanza.

Najua Mwananchi atanijibu: “Mbona tulibadilisha makocha watatu na ubingwa tukachukua?” Ni kweli, mlichukua. Lakini Yanga ile ilikuwa bunduki iliyokazwa skrubu zote. Ina kikosi kipana, ina fedha, ina wachezaji waliozoeana. Unaweza kuichezea juu na bado ikapiga. Timu ndogo ikiiga mchezo huo inashuka daraja.

Na huko ndiko kwenye hatari kwa watu wa Morogoro. Mtibwa Sugar, bingwa wa 1999 na 2000, ilishuka mwaka 2024 na kurudi mwaka 2025. Timu ya namna hiyo haina risasi za kupoteza. Kijana wa Mafiga akipewa dakika 15, akakosa moja, akarudishwa jukwaani mwezi mzima, tumejifunza nini juu yake? Hakuna. Tumepoteza risasi.

Ninachoomba ni utaratibu. Kabla ya kumtoa straika, benchi la ufundi lijiulize mambo matatu. Skrubu zimekaza? Yaani mshahara umeingia, kambi ipo, mipira inamfikia? Pili, anakosaje? Akifika eneo zuri mara nyingi na zote zinapita nje ya nguzo ileile, huyo ni wa kubofya kidogo tu, mguu wa kusimamia au mwili anaoulaza nyuma. Akipata shuti moja kwa mechi mbili, tatizo liko kwenye viungo. Tatu, tumempa mechi za kutosha kuanza, akiwa fiti, katika nafasi yake?

Majibu yote yakiwa ndiyo na bado anatawanya, hapo mtoeni, na atakayelalamika hatakuwa na hoja. Subira nayo ina mwisho wake.

Ila mashabiki tulioko majukwaani Jamhuri nasi tuna kidole kwenye kirekebishio. Viongozi wanabofya kwa sababu sisi tunapiga kelele. Kijana akipaisha la kwanza Jumamosi hii, tunyamaze. Tungoje matundu matatu ndipo tuseme.