Aliyegoma na Bunduki, Aliyegoma Mikono Mitupu

Ndugu zangu wa Bugembe, nanyi wa Jinja mjini, nanyi wa Mbale mnaoamka mkiutazama Mlima Elgon, leo tuseme waziwazi jambo ambalo tumezoea kulinong'ona penye kibanda cha chapati, na gari la polisi likipita tunageuza maneno. Ni habari ya mtu anayepigwa, anayewekwa ndani au kufukuzwa kazi kwa kosa la kuwaambia wenzake, "Jamani, tuungane."

Natafuta pa kuanzia, nami naona hatuna haja ya kwenda mbali. Tarehe 23 Januari 1964 askari wa Uganda Rifles, katika kambi ya hapa hapa Jinja, waligoma. Walidai mshahara mzuri zaidi, tena walikuwa wamechoka kuamriwa na maofisa wa Kiingereza katika nchi iliyokwisha kujitawala. Waziri wa Mambo ya Ndani, Felix Onama, akaja kuwasikiliza. Wakamzuia kambini, hakutoka mpaka alipokubali kuwaongeza mshahara. Waziri Mkuu Obote akaita majeshi ya Uingereza, silaha zikakusanywa, kambi ikatulia. Lakini nyongeza haikurudishwa. Watu waliomweka waziri wa serikali chini ya ulinzi, bunduki mkononi, walilipwa walichodai, na wakazidi kubembelezwa miaka iliyofuata. Kubembelezwa huko kulitufikisha wapi, kila mwenye umri wangu anajua: tarehe 25 Januari 1971 jeshi hilo likaichukua nchi nzima.

Sasa tazama wenzetu wa Dar es Salaam juma hilo hilo. Askari wa kambi ya Colito walikuwa wameasi tarehe 20. Waasi walipokwisha kunyang'anywa silaha, serikali ya Tanganyika iliwakamata viongozi wengi wa vyama vya wafanyakazi. Mwezi uliofuata shirikisho lao, TFL, likavunjwa kwa sheria. Mahali pake kikawekwa chama kimoja tu, NUTA, ambacho katibu mkuu wake aliteuliwa na Rais. Hata kabla ya hapo, Januari 1963, Victor Mkello, rais wa TFL, alikuwa amehamishiwa Sumbawanga kwa amri ya serikali. Mwalimu Nyerere namheshimu kama mnavyomheshimu, lakini siwezi kuficha kwamba mzigo wa maasi ya askari ulitwikwa pia watu waliokuwa wanakusanya ada za uanachama na kuandika barua za madai.

Jambo hili la kuwaadhibu wanaowaunganisha wenzao halikuanza na uhuru. Mwingereza alikwisha kulipanga. Mgomo mkuu wa Uganda wa Januari 1945 ulizimwa kwa risasi, na James Kivu wa chama cha madereva akahamishwa. Mwaka 1947, polisi walipiga risasi wafanyakazi waliogoma katika kiwanda cha nyama cha Uplands, Kenya, wakafa watatu. Chege Kibachia, aliyewaongoza wafanyakazi wa Mombasa, alizuiliwa Baringo miaka kumi. Makhan Singh, kiongozi mwingine wa wafanyakazi wa Kenya, alikamatwa Mei 1950 akaachiwa Oktoba 1961, baada ya miaka kumi na moja. Wenzetu waliotutawala baadaye walizikuta mezani sheria hizo za kuwahamisha na kuwazuilia watu, wakaona zinafaa.

Nawasikia wanaonijibu. Wanasema: nchi maskini inahitaji mwekezaji, mwekezaji anataka utulivu, na mgomo humfukuza. Hoja hiyo nzito tusiirukie juu juu, nasi watu wa Jinja ndio wenye haki ya kwanza ya kuijibu, kwa sababu tumeishi ndani ya majibu yake.

Wazee wetu wanaikumbuka Jinja ya viwanda. Bwawa la Owen Falls lilifunguliwa 1954, umeme ukawaka, na mji ukajaa viwanda, vya zamani na vipya: Nytil na vitambaa vyake, Mulco, tanuri la kuyeyushia shaba ya Kilembe, sigara, mafuta, na kule Kakira sukari ya akina Madhvani. Nyumba za Walukuba zilijaa watu waliotoka kila pembe ya Uganda na Kenya. Ndiyo sababu Kiswahili kilishika hapa kuliko sehemu nyingi za nchi hii. Vyama vya wafanyakazi vilikuwapo, migomo ilikuwapo, tena mingi, mabwana wakakasirika, wakakaa mezani, wakapatana, na mashine zikaendelea kuzunguka.

Basi nani aliyezizima? Mgomo gani ulivifunga viwanda hivyo? Hakuna. Zilizimwa baada ya 1972, wenye viwanda walipofukuzwa nchini kwa amri ya mtu mmoja, mali ikagawiwa maswahiba, vipuri vikakosekana na fedha za kigeni zikaliwa. Kakira, iliyokuwa ikilisha nchi sukari, karibu ife kabisa kabla ya akina Madhvani kurudi mwaka 1985. Na huo ndio wakati vyama vilipokuwa vimefungwa mdomo kuliko wakati mwingine wowote. Mwaka 1973 vilikusanywa chini ya paa moja la shirikisho la NOTU, na chini ya serikali ya askari nani angethubutu kugoma, wakati maiti zilikuwa zinaelea Nile hadi kwenye bwawa? Utulivu ulikuwapo, ndugu zangu. Ulikuwapo utulivu mkubwa mno, na viwanda vikafa ndani yake.

Kama hilo ni la zamani, chukueni la juzi. Mwaka 2003 kiwanda cha nguo cha Tri-Star kilifunguliwa Bugolobi, Kampala, ili kushona mavazi ya soko la Marekani chini ya mpango wa AGOA. Oktoba mwaka ule wasichana wa kiwandani waligoma, wakilalamikia jinsi walivyotendewa. Zaidi ya 200 walifukuzwa, na Rais mwenyewe akatetea kufukuzwa kwao, kwa sababu hiyo hiyo ya kutomtia hofu mwekezaji. Haya, mwekezaji hakutiwa hofu. Serikali ikamkopesha na kumdhamini. Miaka michache tu, kiwanda kikafungwa. Wale wasichana walitolewa kafara, na mvua yenyewe haikunyesha.

Siku hizi risasi ni adimu, tumshukuru Mungu. Kazi hiyo sasa hufanywa na karatasi. Mpangaji mmoja wa hapa Bugembe, ambaye sitamtaja wala sitakitaja kiwanda chake, alinionyesha hati zake mbili za mshahara. Ile ya kwanza ilikuwa na makato ya NSSF, mfuko wa hifadhi ya jamii, chini yake makato ya ada ya chama. Ya mwezi uliofuata ilikuwa na NSSF tu. Mstari wa chama ulikuwa umetoweka. Hakuna aliyemwuliza, hakuna aliyemwandikia. Alipokwenda ofisini aliambiwa yeye si mtumishi wa kiwanda tena, ni wa wakala anayeleta vibarua, na kwa wakala hakuna chama. Juma lililofuata, saa kumi na mbili asubuhi, alikuta orodha imebandikwa langoni na jina lake halimo. Mlinzi alimwambia kwa upole, "Mama, rudi nyumbani, usiniletee matatizo." Tangu hapo anauza nyanya kando ya barabara ya Iganga, matrekta ya miwa yakipita mbele yake, na watoto wakiyakimbilia kuchomoa muwa.

Wafanyakazi wakikataa kuondoka langoni, wakikaa chini wote pamoja, ndipo hewa ya kutoa machozi inapokuja, na viongozi wawili watatu wanapandishwa kwenye gari la polisi kwa shtaka la kuchochea ghasia. Wanalala mahabusu, wanaachiwa kwa dhamana ya polisi, na kesi haiendi popote. Haikukusudiwa kwenda popote. Kazi yake ilikwisha usiku ule walipolala sakafuni, jamaa zao wakiwatafuta.

Na hapa ndipo ninapowaomba mnisikilize vizuri, kwa maana wengi tunadhani sheria ndiyo inayotukosa. Sheria tunayo. Kifungu cha 40 cha Katiba ya 1995 kinampa kila mfanyakazi haki ya kuunda chama au kujiunga nacho, kupatana na mwajiri kwa pamoja, na kugoma kwa kufuata sheria. Mkataba nambari 87 wa Shirika la Kazi Duniani Uganda iliuridhia mwaka 2005. Mwaka uliofuata Bunge lilipitisha sheria nne za kazi kwa mpigo, na mojawapo, Sheria ya Ajira, inakataza kumwachisha mtu kazi kwa sababu ya uanachama. Hata ile Sheria ya Usimamizi wa Mikusanyiko ya 2013, ambayo polisi huipenda sana, haiuhesabu mkutano wa wanachama wa chama cha wafanyakazi kuwa mkusanyiko wa hadhara. Lakini kima cha chini cha mshahara kilichowekwa 1984, shilingi 6,000 kwa mwezi, hakijabadilishwa; Bunge lilipitisha mswada mpya Februari 2019, Rais akakataa kuutia sahihi. Shilingi 6,000! Leo hazikununulii hata sahani mbili za wali na maharage za kujivunia.

Sheria ikiwapo na mtu bado anapigwa, maana yake kuna wanaoona na kunyamaza. Hao ni sisi. Mwenye nyumba anayemfungia mpangaji mlango kwa kufuli mwezi ule ule alioachishwa kazi anamsaidia mwajiri bila kulipwa. Mwenye duka anayekata mkopo siku ya pili ya mgomo, vivyo hivyo. Mwenyekiti wa LC, baraza la mtaa, anayeombwa barua ya utambulisho ya kumtolea mtu dhamana, naye anasema "hayo ni mambo ya kiwanda," huyo amekuwa mlinzi wa pili langoni. Na wewe kijana uliyekaa kijiweni ukingoja jina lako liitwe mahali pa aliyefukuzwa, sikulaumu kwa njaa yako, maana nami nimeijua. Nakuomba tu uulize kwanza, yule aliyekuwa hapa ameondolewa kwa nini? Utaulizwa nawe siku moja.

Masheikh na wachungaji wetu nao nina neno nao. Mnahubiri juu ya uvivu wa vijana kila Ijumaa na kila Jumapili. Ni lini mara ya mwisho mlipohubiri juu ya ujira uliozuiliwa? Mtume alihimiza mfanyakazi alipwe kabla jasho lake halijakauka, na Waraka wa Yakobo unasema ujira waliodhulumiwa wavunaji unapiga kelele mbele ya Mungu. Vitabu vyenu havikuogopa. Ninyi mnaogopa nini?

Wala sitawaacha wakubwa wa vyama. Haki ni haki. Mnyonge mnyongeni, lakini na mwenye hatia aambiwe. Tumekuwa na NOTU, kisha shirikisho la pili, COFTU, zikagombana juu ya nani anawakilisha nani, wakati vibarua wa miwa hawajawahi kuona uso wa mkubwa hata mmoja. Wafanyakazi wana viti vitano Bungeni. Wakubwa wengine hufika kiwandani kwa gari la mwajiri na kuondoka na bahasha, na ada tunazokatwa hatusomewi hesabu zake. Mwajiri akitaka kuvunja chama kama hicho hahitaji polisi.

Kwa hiyo mfanyakazi wa Bugembe, wa Kakira, wa viwanda vya Mbale, fanya haya kwanza. Tunza hati zako za mshahara, zote, usizifungie sukari. Ukiona mstari wa chama umetoweka, andika barua kwa afisa kazi, upeleke nakala mbili, moja ipigwe mhuri urudi nayo. Jifunze majina kamili ya wenzako kumi wa zamu yako na mahali wanapolala, ili mmoja akikosekana asubuhi wapatikane wa kumtafuta kituo cha polisi kabla ya saa nne. Mkutano mkuu ukiitwa, nenda, na udai kusomewa hesabu. Wakisema kitabu cha hesabu kiko Kampala, waambieni mtangoja hapo hapo ukumbini mpaka kiletwe.